Muulize Fundi wa Pampu: Sili zinazokufa usiku, na pampu iliyoletwa kutoka Mombasa

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinataka niseme spea gani inunuliwe. Nimekaa kwenye karakana za pampu hapa Industrial Area, Nairobi, tangu 1994, nilipoanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli ndani ya beseni, na ninachowasihi wasomaji ni kilekile. Kabla ya kushika spana, tazama kilichoizunguka pampu: bomba linaloileta maji, tangi, mota, msingi wa saruji. Mara nyingi mno aliyeivunja yuko hapo nje, na ukibadilisha spea bila kumtafuta atavunja na hiyo mpya.

Hujambo mama. Mimi ni msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha kuosha na kujaza chupa. Pampu yetu inavuta maji kwenye tangi la chini ya ardhi na kuyapeleka kwenye mashine za kuoshea. Tangu Januari tumebadilisha sili nne, zile zinazozuia maji yasivuje pale shafti, mhimili unaozunguka, inapoingia kwenye pampu. Kila moja inakaa wiki tano au sita, kisha maji yanaanza kuchuruzika kwenye shafti. Muuzaji anatushauri tununue sili ya bei ya juu, silikoni kabaidi, kauri ngumu sana, pande zote mbili. Mkurugenzi anaelekea kukubali. Tufanyeje?
*Msimamizi, Barabara ya Lunga Lunga*

Ndugu yangu, nashukuru kwamba uliniletea ile sili ya nne ikiwa imefungwa kwenye gazeti bila kuoshwa. Wengi huitupa sili iliyokufa, na hapo wanatupa ushahidi wote. Niliiweka mezani chini ya taa na kuitazama jioni nzima.

Sili ya aina yenu ni pete mbili zinazotazamana. Moja imetulia kwenye kifuniko, nyingine inazunguka na shafti, na springi inazibana zikutane. Lakini hazikutani zikiwa kavu. Kati yake unapita utando wa maji wa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko utando huo mara hamsini na zaidi. Utando huo ndio unaozilainisha nyuso na kuzipoza. Ukikosekana kwa dakika chache tu, nyuso zinapata moto.

Pete yenu nyeupe ya kauri ina nyufa ndogondogo zinazotoka katikati kwenda nje, kama miale ya jua linalochorwa na mtoto wa shule. Nilipopitisha ukucha, ulikwama kwenye kila ufa. Ukingo wa kaboni umemegeka. Oringi, ile pete ya mpira iliyo nyuma yake, imekakamaa. Nilipoikunja kidogo ilikatika vipande viwili. Sili iliyochakaa kwa kazi huwa laini na yenye kung'aa kama sahani iliyooshwa. Hii yenu imeungua. Imezunguka bila maji, kisha maji yakaipiga ikiwa moto, na kauri ikapasuka.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako kwenye simu halikuwa juu ya sili. Niliuliza, floti ya tangi, ile swichi inayoelea na kuzima pampu maji yakishuka, inafanya kazi? Ukaniambia fundi wa umeme aliiruka mwaka jana, akaunganisha waya moja kwa moja, kwa sababu ilikuwa ikizima mashine katikati ya zamu. Basi huyo ndiye muuaji wenu. Mji wetu unaishi kwa mgao wa maji. Siku ambayo si yenu, tangi linashuka, na zamu ya usiku haina mtu wa kwenda kufunua kifuniko na kuchungulia. Floti ilikuwa ikizima pampu kwa sababu maji yalikuwa yameisha. Ilikuwa ikiwaambia ukweli, mkainyamazisha.

Nalijua kosa hili kwa kuwa nimelifanya. Mwaka 1998, kwenye kiwanda kimoja cha hapa mjini, nilibadilisha sili tatu kwenye pampu ileile, kila mara nikiwa na hakika kwamba iliyotangulia ilikuwa mbovu. Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, hakunigombeza. Alibeba kiti na chupa ya chai, akaenda kukaa kando ya pampu baada ya saa nne usiku. Saa nane alinipigia simu ya mezani kwa jirani, niamshwe. Nilipofika alichukua mkono wangu akauweka kwenye bomba la kuvuta. Lilikuwa na vuguvugu. Bomba la maji baridi halipaswi kuwa na vuguvugu. Pampu ilikuwa ikikoroga hewa na maji kidogo yaliyobaki tumboni mwake, ikiyapasha moto kama birika. Sijabadilisha sili kwa upofu tena tangu usiku ule.

Rudisheni floti. Kisha mwambie fundi wa umeme aongeze kifaa cha kulinda mota dhidi ya mzigo mdogo; pampu isiyo na maji hula ampea chache kuliko kawaida, na kifaa hicho kikiona ampea zimeshuka kinakata. Chunguzeni pia futi valvu iliyo chini ya bomba la kuvuta, ile inayozuia maji yasirudi kwenye tangi. Zimeni pampu, subirini nusu saa, fungueni tundu la kujazia maji. Kama maji hayaonekani, valvu inavuja, na kila asubuhi mnaiwasha pampu ikiwa imejaa hewa. Na pale bomba la kuvuta linapopungua ukubwa kabla ya kuingia kwenye pampu, kipunguzio kiwe cha upande mmoja, ubapa ukae juu. Kikiwa cha mviringo sawa pande zote, hewa hujikusanya juu kama povu chini ya kifuniko cha sufuria.

Kuna la pili. Alama ya msuguano kwenye kauri ni pana kuliko uso wa kaboni ulioichora. Hiyo maana yake shafti haizunguki mahali pamoja, inayumba. Legezeni boliti za flanji ya kuvuta, pale bomba linapoungana na pampu, mkiwa mmeweka geji ya saa, kipimo chenye mshale, juu ya kaplingi inayounganisha mota na pampu. Mshale ukisogea zaidi ya 0.05 mm, bomba ndilo linaloivuta pampu ikae upande, na hakuna kupanga mstari wa shafti kutakakodumu hadi bomba lishikiliwe na nguzo yake lenyewe. Nimewaona mafundi wakileta mnyororo na winchi kulazimisha flanji zikutane. Kazi hiyo inaonekana imekwisha vizuri hadi mwezi wa pili.

Kuhusu ile ya bei ya juu: silikoni kabaidi kwa silikoni kabaidi ni nzuri sana pale maji yana mchanga, kwa kuwa nyuso zote mbili ni ngumu. Lakini ikikauka hufa upesi kuliko hiyo mliyonayo. Kaboni ina ulainisho wake wa asili, inavumilia kidogo. Mngelipa zaidi ili iharibike mapema.

Mkifunga ile ya tano, msiguse nyuso kwa vidole. Futeni kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Na kama oringi ni ya EPDM, aina ya mpira inayotumika sana kwa maji ya moto, msiipake grisi wala yale mafuta ya kujipaka yanayokaa kwenye kila kabati la fundi. Mafuta ya petroli huivimbisha. Maji ya sabuni kidogo yanatosha kuiteleza.

Fundi, pampu yetu ya zamani ina glandi ya kamba, pete za kamba zilizobanwa kuzunguka shafti badala ya sili. Inadondosha maji na bosi mpya hataki kuona sakafu imelowa. Ameniamuru niikaze hadi ikome. Nimekaza, sasa shafti inatoa moshi.
*Mwendesha mitambo, Kariobangi*

Ilegeze leo. Kamba ya glandi inadondosha kwa sababu imeundwa idondoshe. Yale matone ndiyo yanayoipoza. Matone 40 hadi 60 kwa dakika ni kiasi kizuri kwa pampu ya ukubwa wa kawaida. Ukikaza hadi yakauke, kamba huungua, inakuwa kama mkaa, na mkaa huo unakula shafti mfereji. Baada ya hapo hakuna kamba itakayoziba, utakuwa unatafuta mtu wa kukereza vyuma akutengenezee kikoti kipya cha shafti.

Usiongeze pete mpya juu ya zile zilizoungua. Toa zote, hata ile ya mwisho kabisa ambayo kila mtu huiacha kwa sababu kulabu haifiki. Kata pete mpya moja moja ukiizungushia kipande cha bomba lenye kipenyo sawa na shafti, na ukiziingiza, maungio yapishane robo duara. Kaza nati kwa vidole. Washa, iache imwage maji kwa wingi dakika kumi au kumi na tano, kisha kaza kila nati sehemu moja ya sita ya mzunguko, subiri, rudia. Mfungie bosi mfereji mdogo wa kupokea matone hadi kwenye bomba la maji machafu. Sakafu itakauka, naye atatulia.

Shikamoo mama. Kampuni yetu ilifunga tawi la Mombasa na kutuletea hapa boila pamoja na pampu yake ya maji. Kule pampu ilifanya kazi miaka saba bila tatizo. Hapa ina miezi mitatu na inalia kana kwamba imemeza kokoto. Tuliifungua tukakuta impela, lile gurudumu la mabawa linalosukuma maji, imetobolewa-tobolewa. Tukaweka impela mpya, kelele ileile. Tangi la maji liko mita 1.5 juu ya pampu, kama lilivyokuwa Mombasa, na maji ni nyuzi 90, kama Mombasa. Hatukubadilisha kitu chochote.
*Mwendesha boila, Baba Dogo*

Marahaba mwanangu. Mmebadilisha kitu kimoja kikubwa: mmepanda mlima. Barua yako niliifurahia kuliko zote, maana umeandika vipimo, na vipimo ndivyo vinavyonipa njia ya kukujibu.

Mombasa iko ufukweni. Hewa ya kule inakandamiza maji ya tangi kwa kilopaskali (kipimo cha mkandamizo) 101 hivi. Hapo Baba Dogo mko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, na hewa inakandamiza kwa karibu kilopaskali 83 tu. Mpishi wa Nairobi analijua jambo hili bila kusoma kitabu: maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayasubiri 100, ndiyo maana maharagwe yanakawia.

Sasa tazama maji yako ya nyuzi 90. Katika joto hilo maji yenyewe yanasukuma kugeuka mvuke kwa nguvu ya kilopaskali 70. Mombasa, hewa iliyazidi nguvu kwa 31. Hiyo ni sawa na safu ya maji ya mita 3.3. Hapa hewa inayazidi kwa 13 tu, yaani mita 1.4. Ongeza mita 1.5 za kimo cha tangi, kisha toa kile kinachopotea kwenye bomba, viwiko na chujio, tuseme nusu mita. Mombasa pampu ilibakiwa na mita 4.3. Hapa imebakiwa na 2.4. Tafuta karatasi ya mtengenezaji, tazama mchoro ulioandikwa NPSH, yaani mita ambazo pampu inadai zibaki upande wa kuvuta ili maji yasichemke ndani yake, na soma unasema nini kwa kiasi cha maji unachosukuma. Kama inadai 3, nawe una 2.4, basi maji yanachemka yanapoingia kwenye jicho la impela.

Hizo kokoto unazosikia ni mapovu ya mvuke. Yanazaliwa penye kani ndogo, yanapelekwa mbele kwenye kani kubwa, na yanajifunga ghafla. Kila moja likijifunga linapiga chuma kwa ncha kama ya sindano. Tazama ile impela ya zamani kwa karibu: vitobo viko nyuma kidogo ya mdomo wa mabawa, si ukingoni, na chuma kina sura ya sponji au ya mkate uliovunjwa kwa mkono. Kutu haili hivyo. Mchanga nao huacha mikwaruzo mirefu inayofuata njia ya maji. Weka impela hiyo rafuni, wafundishie vijana wanaokuja.

Dawa bora ni kuinua tangi. Mita moja na nusu au mbili zaidi, juu ya fremu imara ya chuma, na utakuwa umerudi Mombasa. Kabla ya kumwita mchomeleaji, safisha chujio na hesabu viwiko vya bomba la kuvuta. Nimekuta vitano mahali ambapo viwili vingetosha. Bomba pana zaidi pia husaidia.

Kuna atakayekwambia ushushe joto la maji hadi nyuzi 80. Pampu itanyamaza kweli, kwa kuwa maji ya nyuzi 80 yanasukuma kwa kilopaskali 47 tu. Lakini maji yakipoa yanabeba oksijeni zaidi, na oksijeni hiyo itakwenda kutoboa mirija ya boila. Ukilazimika kufanya hivyo kwa wiki chache ukisubiri fremu, zungumza kwanza na anayewauzia dawa za boila aongeze kipimo cha salfaiti, dawa inayoondoa oksijeni, na upime maji kila siku. Usifikirie hata kidogo kubana valvu ya upande wa kuvuta ili kupunguza kelele. Hapo unaiongezea njaa. Ukitaka kupunguza kiasi cha maji, bana upande wa kutolea.

Tulipeleka mota ikasukwe upya. Imerudi, pampu inazunguka na maji yanatoka, ila hayafiki ghorofa ya juu tena. Je, waliharibu pampu?
*Msomaji, Ngara*

Inazunguka kinyume. Pampu ya aina hii ikizungushwa kinyume bado inatoa maji kiasi, na ndilo linalowapoteza watu. Tazama mshale kwenye mwili wa pampu. Zima, funga swichi kwa kufuli, kisha fundi wa umeme abadilishane waya mbili kati ya tatu. Siku nyingine mkirudisha mota, tenganisheni kaplingi, guseni swichi mara moja na mtazame upande kabla ya kuunganisha. Zipo impela zinazofungwa kwenye shafti kwa kuzungushwa kama skrubu, na hizo zikizungushwa kinyume hufunguka na kusaga kifuniko.

Mimi ni keateka wa jengo la ghorofa. Pampu ya shimo la majitaka imeziba. Fundi amesema atamwingiza kijana wake mwenye mwili mdogo atoe matambara, ni kazi ya dakika kumi. Anauliza kama nina kamba. Nikaona nikuulize kwanza.
*Keateka, Pipeline*

Barua hii sikungoja gazeti litoke. Nilimwomba mhariri nikupigie siku ileile. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Kijana asiingie, hata kwa dakika moja. Ndani ya shimo la majitaka kuna gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Watu hudhani harufu ikipotea gesi imeondoka. Gesi ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni pua inakufa ganzi, na ikipanda zaidi mtu anaanguka kabla ya kupiga kelele. Kisha wa juu anamwona mwenzake chini, anaruka kumwokoa, na wa tatu anamfuata wa pili. Nimesimama kwenye mazishi ya namna hiyo, majeneza mawili ya ndugu wa tumbo moja, na mama yao aliendelea kuniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevaa overoli, ile pampu ilikuwa ya thamani gani.

Pampu ya shimo inapaswa kutolewa kwa mnyororo kutoka juu. Kama mnyororo umekatika au hakuna reli za kuiongoza, mtafute mwenye lori la kunyonya majitaka kwanza, shimo litolewe maji, na pampu ivuliwe kwa kulabu. Ikibidi mtu aingie, basi aingie mwenye mafunzo, kukiwa na kipimo cha gesi kilichoshushwa kwa kamba kwanza na kubaki kikifanya kazi, feni ya kusukuma hewa safi, mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na mtu wa juu ambaye kazi yake pekee ni kuvuta, ambaye haingii kwa sababu yoyote ile. Jenereta ya petroli isikaribie mdomo wa shimo. Moshi wake una sumu vilevile. Umeme wa pampu ukatwe na kufuli iwekwe na yule anayeingia, ufunguo akae nao yeye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde maisha ya mfanyakazi kwenye sehemu za namna hii, na mwenye jengo asidhani kwamba akiajiri fundi wa mtaani jukumu limemtoka.

Ulifanya vyema kuuliza, ndugu. Kamba ulikuwa nayo na hukuitoa.

Fundi, beringi za pampu yetu zinapata moto. Ni za namba 6309. Tunazipaka grisi kila Jumatatu bila kukosa. Pia nataka kujua nitatambuaje beringi feki.
*Fundi wa zamu, Barabara ya Enterprise*

Kila Jumatatu ndilo tatizo. Beringi ya 6309 ina tundu la milimita 45, kipenyo cha nje 100, upana 25. Zidisha kipenyo cha nje kwa upana, kisha kwa 0.005: unapata gramu 12.5 za grisi kwa kila mara, na kwa pampu ya zamu ya kawaida mara hiyo huja baada ya miezi, soma kitabu cha mashine. Mkijaza kila wiki, mipira ya chuma ndani ya beringi inakoroga uji mzito usiku na mchana, na kukoroga ni joto. Chukua mzani wa kupimia unga, piga bomba la grisi mara kumi juu ya karatasi, pima, gawa kwa kumi. Sasa unajua pigo moja lina gramu ngapi. Andika kwa rangi kwenye bomba lenyewe. Na msichanganye grisi. Ya lithiamu na ya poliyurea zikikutana mara nyingi huyeyuka na kuchuruzika kama mafuta ya taa.

Feki ni nyingi, na kwa macho zimekuwa ngumu kuzitambua, maana boksi linaweza kuwa zuri kuliko la halali. Nilikuwa natazama maandishi yaliyochongwa kwenye pete, kama yana kina sawa na hayana ukungu. Siku hizi silitegemei hilo peke yake. Nanunua kwa wakala aliyeandikwa na mtengenezaji mwenyewe, nadai risiti, na baadhi ya watengenezaji wakubwa wana programu ya simu ya kupigia picha beringi ili wakuthibitishie. Bei ikiwa nusu ya ile ya wakala, umeshajibiwa.

Ila nikuambie, beringi nyingi za halali huuawa siku ya kufungwa. Ukiiingiza kwenye shafti, nguvu iende kwenye pete ya ndani pekee. Ukigonga ya nje, mipira inaacha vishimo kwenye njia yake, na vishimo hivyo utavisikia wiki ya pili. Ipashe moto kwa hita ya beringi au kwenye mafuta safi hadi nyuzi 110 hivi, itateleza yenyewe kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Usitumie moto wa gesi.

Mama, mimi ni msichana wa mwaka wa pili, ufundi mitambo, chuoni Kabete. Nimepata mafunzo ya kazini kwenye karakana ya pampu. Wanaume wananipa kazi ya kuandika tu, wao ndio wanafumua. Nifanye nini ili nijifunze?
*Mwanafunzi, Kabete*

Mwanangu, mimi pia nilipewa beseni la dizeli miezi minane. Iombe nafasi ya kushika spana, iombe kila siku, kwa jina la kazi fulani: "Leo naomba nitoe kaplingi." Maombi ya jumla hayajibiwi.

Lakini hiyo kazi ya kuandika usiidharau. Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Pampu inapofumuliwa, dai vipimo kabla vyuma havijaoshwa, kwa kuwa uchafu nao unasema: umetoka wapi, una rangi gani, umekaa upande gani. Andika unene wa kila shimu, kile kibati cha kusawazisha, chini ya kila mguu wa mota na mguu upi. Weka shafti juu ya vitalu viwili vyenye umbo la V, zungusha taratibu kwa mkono, soma geji ya saa, ikizidi 0.05 mm, andika kwa kalamu nyekundu. Pima nafasi kati ya pete za kuchakaa na impela. Kama mtengenezaji anasema 0.40 na wewe umepata 0.80, nafasi imekuwa maradufu, na maji mengi yanarudi nyuma badala ya kwenda mbele, pete zibadilishwe. Hilo utalisema wewe kwa sauti, mbele ya wote, ukiwa na namba mkononi. Mimi nilianza kusikilizwa siku ile nilipojua kipimo ambacho msimamizi alikuwa hajakipima.

Alhamisi ya wiki ya tatu tunafumua pampu ya hatua tano, impela tano kwenye shafti moja, na kila moja lazima irudi mahali pake na upande wake. Mwombe msimamizi wako ruhusa, mhariri atakuelekeza. Njoo saa mbili kasoro robo na overoli, viatu vyenye chuma puani, nywele zikiwa zimefungwa ndani ya kofia. Pete na bangili ziache nyumbani. Kalamu nyekundu nitakupa mimi, na kaplingi utaitoa wewe.